Mapafu Tunayo, Kundi Hatuna

Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri juu ya Menengai, huwa tunakutana kwenye njia panda ya kwenda Njoro, nje kidogo ya jiji la Nakuru, watu kumi na wawili au kumi na watano hivi wenye baiskeli za kila namna. Wapo wenye baiskeli za mashindano zilizonunuliwa mitumba, wapo wenye baiskeli za milimani zilizobadilishwa tairi, na mara mojamoja hutokea mtu aliyekuja na ile baiskeli nyeusi nzito ya kubebea mizigo ambayo sote tunaiita Black Mamba. Miezi michache iliyopita alikuja kijana wa aina hiyo. Siku za kazi hubeba maziwa, mitungi miwili ya aluminiamu iliyofungwa kwa mpira kwenye kerio, kutoka mashamba yaliyo juu ya Njoro. Tulimwazima baiskeli nyepesi, akapandisha kiti kwa upana wa vidole viwili, akatutazama kana kwamba anasubiri ruhusa, kisha tukaondoka.

Kutoka Njoro kuelekea Mau Narok barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo kijana yule alituacha wote bila kuonekana kuhema. Tulimkuta juu amekaa kwenye ukingo wa barabara akila mahindi ya kuchoma. Wakati wa kurudi mambo yaligeuka. Tulipoanza kuteremka tukiwa tumeshikana, gurudumu kwa gurudumu, yeye alibaki mita nne nyuma ya mtu wa mwisho, akipigwa na upepo peke yake. Kila bega lilipomkaribia alishika breki, kila kona akapoteza mita kumi ambazo ilimbidi azitafute tena kwa nguvu za miguu. Alifika Njoro wa mwisho, uso umemparama kwa chumvi ya jasho. Mzee mmoja katika kikundi chetu, ambaye ameendesha baiskeli tangu enzi za bei ya maziwa kuhesabiwa kwa senti, alimtazama akasema, "Huyu anaijua baiskeli. Bado hajawajua watu."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi akilini, kwa sababu inajibu swali ambalo huulizwa katika kila hoteli ya chai yenye televisheni kila mwezi wa Julai, pale Tour de France inapoonyeshwa. Swali lenyewe huwa hivi: ikiwa watoto wa Bonde la Ufa wanaishinda dunia nzima katika marathoni kwa mapafu waliyojaliwa na nyanda za juu, mbona hakuna hata mmoja wao anayeshinda mbio za baiskeli za barabarani? Jibu la haraka huwa ni pesa, kwamba baiskeli ni ghali na viatu ni rahisi. Pesa ni sehemu ya jibu, na nitaifikia. Lakini nadhani tunaanza kuhesabu mahali pasipofaa. Kazi ya mwendesha baiskeli wa kulipwa ni kazi ya kuishi ndani ya kundi, yaani ule msafara mkuu wa waendeshaji mia moja na zaidi wanaosogea kama nyuki, na ustadi huo hauji na hewa ya mlimani. Hujifunzwa mapema, kwa kushindana mara nyingi na watu wengi, na sisi watu hao wengi hatunao.

Msomaji ambaye hajawahi kuendesha ndani ya kundi anahitaji kuelezwa kinachotokea humo. Katika mwendo wa kilomita 45 kwa saa kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa kabisa ya nguvu za mwendeshaji huliwa na upepo. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, kwa umbali wa shubiri moja au mbili, huokoa takriban theluthi moja ya nguvu hizo, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Mashindano ya siku moja yanaweza kuzidi kilomita 200, na Tour de France huwa na hatua 21, yaani mbio za siku mojamoja, katika wiki tatu, jumla ya kilomita kama 3,400. Mtu anayebaki nje ya kivuli cha wenzake kwa woga au kwa kutojua anakuwa kama bodaboda aliyebeba abiria asiyelipa tangu asubuhi hadi jioni. Anapofika chini ya mlima, pale ambapo mapafu yake yangemfaa, miguu imekwisha kuuzwa.

Na kukaa hapo nyuma ya gurudumu sio kukaa tu. Ni kujua kuwa baada ya kilomita tatu barabara itapinda kushoto na upepo utakuja wa ubavu, kwa hiyo uanze kusogea mbele sasa hivi kabla wengine mia hawajakumbuka jambo hilohilo. Ni kula ukiwa umeshika usukani kwa mkono mmoja, kukojoa bila kusimama, kumpitishia mwenzako chupa ya maji huku kiwiko cha mtu usiyemjua kikiwa mbavuni mwako. Ni kutazama nyonga za aliye mbele yako badala ya gurudumu lake, kwa kuwa nyonga hutangaza breki kabla vidole havijaishika. Mwendeshaji aliyekomaa huyafanya hayo yote bila kufikiri, kama vile kondakta wa matatu anavyoning'inia mlangoni huku akihesabu chenji.

Mfano ulio karibu nasi kuliko wote ni Chris Froome, bingwa wa Tour de France, na kwa bahati mbaya huwa tunausoma kinyume. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa kijana mdogo alikuwa akienda Kikuyu kujifunza kwa David Kinjah, mwendeshaji ambaye mwenyewe alisajiliwa na timu ya Kitaliano ya Alexia Alluminio mwaka 2002, na ambaye nyumba yake imekuwa chuo cha vijana wa Safari Simbaz kwa miaka mingi. Froome alikwenda kusoma Afrika Kusini, akarudi kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, na mwaka huohuo akajiandikisha mwenyewe kwa mashindano ya dunia ya Salzburg kwa kutumia anwani ya barua pepe ya mkuu wa shirikisho la baiskeli la Kenya. Alipoondoka tu kwenye mstari wa mwanzo, katika mbio za vijana chini ya miaka 23 dhidi ya saa, zile za kuanza mmoja mmoja, alimgonga msimamizi wa mashindano na wote wawili wakaanguka.

Sisi huisimulia hadithi hiyo kwa kicheko na kwa fahari, kama ushahidi wa ujanja wa Kikenya. Mimi naiona kama taarifa ya daktari. Hapa palikuwa na kijana wa miaka 21, mwenye mapafu ambayo baadaye yangeshinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, lakini ambaye bado hajui kuiongoza baiskeli mbele ya watu. Alisajiliwa na timu ya Afrika Kusini mwaka 2007, akaingia Barloworld mwaka 2008 na kupanda Tour yake ya kwanza, akaingia Team Sky mwaka 2010. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kubadilisha leseni yake kuwa ya Uingereza. Katika Giro d'Italia ya 2010, mbio za wiki tatu za Italia, aliondolewa mashindanoni kwa kushikilia pikipiki mlimani akiwa ameumia goti. Kufikia katikati ya mwaka 2011 mkataba wake ulikuwa ukingoni na hakuna aliyemtaja kama bingwa wa kesho. Kisha katika Vuelta a España ya mwaka huo, mbio kama hizo za Hispania, akamaliza wa pili, na hatimaye akakabidhiwa ushindi mwaka 2019 baada ya Juan José Cobo, aliyekuwa wa kwanza, kufutiwa matokeo.

Wasomaji wa Kisumu na Homa Bay watapendezwa kujua kwamba sababu mojawapo aliyoitoa Froome ya kusuasua kwake miaka hiyo ni kichocho, ugonjwa uleule unaowasumbua watoto wetu wanaooga ziwani, ambao uligunduliwa mwilini mwake mwaka 2010. Sina sababu ya kuubeza ugonjwa huo. Najua unavyomnyonya mtu damu. Hata hivyo kichocho hakimfanyi mtu amgonge msimamizi. Kati ya Salzburg na Vuelta ile ilipita miaka mitano, na katika miaka hiyo yote Froome alikuwa akisoma, kwa mshahara wa timu za wengine, somo ambalo mtoto wa Ubelgiji au Italia huwa amelimaliza akiwa na miaka 17. Alipata nafasi ya kulisoma kwa kuwa alikuwa na pasipoti iliyomruhusu kuishi Ulaya na watu wa kumpokea. Kijana wa Njoro hana vyote viwili.

Wala somo hilo haliishi. Juni 2019, akikagua njia ya mbio dhidi ya saa mjini Roanne, Ufaransa, katika mashindano ya Dauphiné, Froome alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi, upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Hakushinda tena mashindano yoyote baada ya siku hiyo. Hii ni kazi ambayo sekunde moja ya upepo inaweza kuifunga, hata kwa mtu aliyekwisha kushinda Tour, Giro na Vuelta.

Sasa tumtazame Biniam Girmay wa Eritrea. Alizaliwa Asmara mwaka 2000, katika jiji lililo juu ya mita 2,300, karibu sawa na Iten ya wakimbiaji wetu. Kwa hesabu ya hotelini kwetu, angepaswa kuwa mpanda milima. Siye. Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, mashindano ya upepo, mawe na njia nyembamba, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya mashindano makubwa ya siku moja; miezi miwili baadaye akashinda hatua ya Giro mbele ya Mholanzi Mathieu van der Poel, kisha kizibo cha chupa ya mvinyo kikamrukia jichoni jukwaani na kumwondoa mashindanoni. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa jezi ya kijani hadi mwisho. Jezi hiyo hutolewa kwa pointi, na pointi nyingi hupatikana katika mita mia tatu za mwisho, pale ambapo watu wanasukumana kwa mabega kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa na mshindi ni yule aliyejua awe nyuma ya gurudumu la nani. Mwafrika mweusi aliyefanikiwa kuliko wote katika mbio hizi amefanikiwa kwa kulijua kundi.

Alilijulia wapi? Asmara. Waitaliano walipoitawala Eritrea walileta mashindano ya baiskeli, Waeritrea wakayafanya yao, na Giro d'Eritrea ya kwanza ikafanyika mwaka 1946. Hadi leo katika barabara za Asmara mashindano ya mzunguko ni jambo la kawaida la mwisho wa wiki, na mtoto wa huko hukua akiona kundi likipita mlangoni kwao. Girmay alipopelekwa kwenye kituo cha shirikisho la baiskeli duniani kilichoko Aigle, Uswisi, mwaka 2018, alikwenda akiwa amekwisha kubanwa, kusukumwa na kuangushwa mara nyingi. Uswisi ilimwongezea mbinu juu ya msingi aliokuja nao. Kabla yake alikuwako Daniel Teklehaimanot, aliyeivaa jezi ya madoa ya mfalme wa milima katika Tour ya 2015. Taifa dogo, maskini kuliko sisi kwa vipimo vingi, linatoa waendeshaji kizazi baada ya kizazi.

Hapa ndipo hoja ya pesa inapopungua uzito. Baiskeli ya mashindano ya daraja la juu, ambayo sheria inakataza isiwe chini ya kilo 6.8, inaweza kugharimu zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, na hakuna anayeweza kulifumbia macho jambo hilo. Lakini tumewahi kupewa baiskeli nzuri. Tumewahi hata kufanyiwa jaribio kamili la mapafu. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpigapicha kutoka Singapore, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi aliyekuwa fundi wa kung'arisha viatu na Samwel Mwangi aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli, akawapeleka Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 na kilomita karibu 14 ambao Tour huutumia kuwahukumu watu. Muda walioupata uliwastaajabisha wengi. Kutokana na safari ile ilizaliwa timu ya Kenyan Riders yenye makao Iten, na vijana wetu wakaanza kuonekana katika mashindano ya Asia na Afrika. Hata hivyo hakuna mtoto wa nyanda hizi za magharibi ambaye ameanza Tour de France mpaka leo. Kupanda mlima peke yako dhidi ya saa ni mtihani wa mapafu, na tuliupita. Mtihani ambao tumeendelea kuanguka ni ule wa kilomita 150 zinazotangulia mlima.

Ni haki niseme kitu kuhusu mapato, kwa kuwa wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kubadilisha maisha ya ukoo mzima asubuhi moja; mshindi wa Boston hulipwa dola 150,000 na fedha ni zake, akishatoa za meneja na kodi. Mwendesha baiskeli halipwi hivyo. Mshindi wa Tour de France hupata euro 500,000 kwa wiki tatu, na kwa desturi fedha hizo hugawanywa kwa wenzake na wafanyakazi wa timu. Mshindi wa Paris–Roubaix, mashindano yanayovunja watu mikono, hupata euro kama 30,000. Riziki ya kweli iko kwenye mshahara. Timu za daraja la kwanza duniani ni 18, kila moja ikiwa na waendeshaji wasiozidi 30, kwa hiyo nafasi zote za wanaume hazifiki 550, na kima cha chini cha mshahara ni takriban euro 40,000 kwa mwaka. Chini kabisa, katika timu za kibara, hakuna kima cha chini, na wapo wanaoendesha kwa chakula, jezi na ahadi.

Wengi katika hao 550 hawatashinda chochote maisha yao yote, na hawakuajiriwa ili washinde. Ni wabeba maji: hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, hujaza chupa saba ndani ya jezi hadi wanafanana na mama aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine tumboni, hupanda tena hadi mbele, huwagawia wenzao, kisha hukaa kwenye upepo kwa saa nne ili kiongozi wao asiuonje. Akifanya hivyo vizuri, mkataba unaongezwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nadhani ndilo linaloweza kuwafaa vijana wetu kuliko ndoto ya jezi ya manjano ya anayeongoza Tour, na ndilo tusilowaambia. Utamaduni wetu wa riadha umewafundisha kwamba mtu hukimbia ili ashinde au ajitoe. Hata yule anayewekwa kuongoza mwendo hulipwa kama mtu wa pembeni. Katika baiskeli mtu wa pembeni ndiye kazi yenyewe, tena ya heshima, yenye mshahara na bima. Lakini haiwezekani kumwajiri mbeba maji asiyeweza kupita katikati ya watu mia na hamsini akiwa na chupa saba mgongoni bila kuangusha mtu.

Ajira hiyo nayo haina mizizi mirefu. Timu huishi kwa mfadhili, kwa kuwa barabara haina kiingilio na fedha za televisheni haziwafikii. MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour, mwaka 2015, na ilishinda hatua kupitia Steve Cummings siku ya Mandela. Mwishoni mwa 2021 mrithi wake ilifunga milango kwa kukosa mfadhili. Ulikuwa mlango mpana kuliko yote ambayo mwendeshaji wa Kiafrika alikuwa nayo. Juu ya hayo kuna ile historia ya dawa za kusisimua misuli, tangu Lance Armstrong alipofutiwa mataji yake saba mwaka 2012, ambayo humfanya kila anayepanda haraka atazamwe kwa jicho la pembeni. Froome mwenyewe ilimlazimu kujieleza kuhusu dawa ya pumu kabla ya kusafishwa mwaka 2018.

Siwezi kuandika makala hii nikamwacha Suleiman Kangangi. Alikuwa mtu wa huku kwetu, Eldoret na Iten, aliyeendeshea timu ya Kijerumani ya Bike Aid na kumaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017. Alifika pale akiwa tayari anakaribia miaka thelathini, umri ambao skauti wa Ulaya hatazami tena. Kwa kulinganisha, Mslovenia Tadej Pogačar alishinda Tour yake ya kwanza akiwa na miaka 21. Baadaye Kangangi akawa nahodha wa Team Amani na kuugeukia mchezo wa barabara za changarawe, ambako mtu huanza pamoja na wengine wote bila kuhitaji kuitwa na timu ya daraja la kwanza. Niliona busara kubwa katika uamuzi ule. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za Vermont Overland huko Marekani, akafariki, akiwa na miaka 33. Mtu aliyekuwa akiwafungulia wadogo zake mlango aliondoka kabla mlango haujasimama vizuri kwenye bawaba.

Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, wengi wetu tulivuka mpaka kwenda kutazama au tulikesha mbele ya simu. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na kati ya zaidi ya 160 walioanza ni 30 tu waliomaliza, Pogačar akiwa wa kwanza. Niliwasikia watu wakisema kwamba sasa zamu ya Afrika Mashariki imefika. Rwanda yenyewe ingewaambia wapunguze sauti. Imekuwa na timu ya taifa yenye kocha na kambi tangu 2007, ina mashindano ya kimataifa kila mwaka na barabara ambazo tunazionea wivu, na bado inasubiri Girmay wake. Kundi haliundwi kwa wiki moja ya sherehe.

Kwa hiyo ningependekeza jambo ambalo litawaudhi rafiki zangu wa Iten: tushuke mlimani. Shule ya kundi iko Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Barabara ya kutoka Ahero kwenda Katito, inayopita kando ya mashamba ya mpunga, ni tambarare, imenyooka, na inaelekea kusini, wakati upepo wa alasiri hutoka ziwani upande wa magharibi. Maana yake ni kwamba anayeendesha kwenda Katito baada ya saa nane mchana hupigwa na upepo wa ubavu kutoka kuliani. Hicho ndicho kinachowavunja watu Ubelgiji. Katika upepo wa ubavu kundi hujipanga mshazari, kila mmoja akijificha kushotoni mwa mwenzake kidogo, hadi upana wa barabara unakwisha. Barabara ikitosha watu wanane, wa tisa yuko kwenye changarawe, na hana kivuli. Ni hapo ambapo kijana hujifunza kwa dakika kumi kile ambacho hotuba ya mwaka mzima haiwezi kumfunza: kwamba ilimpasa awe miongoni mwa wanane kabla barabara haijapinda.

Natambua pingamizi. Barabara hiyo ina malori ya mchanga, matatu zinazosimama popote, ng'ombe, na pikipiki zinazotoka mashambani bila kutazama. Kufunga barabara kwa saa tatu kunahitaji polisi, serikali ya kaunti na uvumilivu wa wauza nyanya wa Ahero. Lakini kufunga kilomita 15 Jumapili mara thelathini kwa mwaka ni rahisi kuliko kujenga kituo cha mafunzo chenye mashine za kupima mapafu, na mapafu yenyewe tumekwisha kuyapima. Mwendeshaji wa kulipwa wa Ulaya huwa na siku 60 hadi 80 za mashindano kwa mwaka. Vijana ninaowaona huku wakipata kumi wana bahati, na katika hizo kumi huanza watu ishirini wanaotawanyika kilomita ya tano.

Kuna kejeli ndogo katika jambo hili. Kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianza Busia mpakani, ikaenea hadi Kisumu, na nilipokuwa kijana Kondele saa kumi na mbili jioni ilikuwa kundi halisi: baiskeli mia zikipita katikati ya matatu, pedali kwa pedali, kila moja na abiria amekaa ubavu kwenye sponji, na hakuna aliyegusa breki bila sababu. Mwendo ulikuwa mdogo, ndiyo, na mwisho wa safari hapakuwa na kombe. Lakini wale watu waliwajua watu. Kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa, mwishoni mwa muongo ule wa 2000, baiskeli zikaanza kupungua mjini mwaka hadi mwaka, na shule ambayo hakuna aliyeisajili ikafungwa bila tangazo.

Kijana wa maziwa amerudi mara sita sasa. Jumapili iliyopita mzee alimweka nyuma yake moja kwa moja tulipoanza kuteremka kutoka juu, akamwambia atazame kiuno chake na asiguse breki hadi asikie jina lake. Kwa kilomita mbili za kwanza nafasi kati yao ilikuwa mita tatu, kisha mbili, kisha nikaona inakuwa dhiraa moja. Karibu na lango la Chuo Kikuu cha Egerton upepo ulituingia kutoka upande wa mashamba, kikundi kikasogea, bega la mtu likamgusa, naye akayumba kidogo akakaa palepale. Tulipofika Njoro tairi la nyuma lilikuwa limetoboka, na alisema hakujua limetoboka tangu wapi.